Gesi Isiyo na Alama

Ng'ombe wa nne alikutwa amelala kwenye majani mabichi, macho wazi, hana jeraha wala povu mdomoni, kama mnyama aliyejipumzisha akasahau kuamka. Tusekile Mwaisumo alisimama hatua chache kutoka alipolala, barakoa ya oksijeni usoni, akashusha kipima hewa kwa kamba mpaka usawa wa goti. Asilimia kumi na moja ya hewa ya ukaa. Akakipandisha usawa wa kifua. Asilimia mbili. Alijaza chupa yake ya kioo kwa hewa ya chini, akaifunga, akaanza kupanda kilima bila kugeuka nyuma.

Juu, penye uwanja wa shule, watu wa nyumba kumi na tisa za kitongoji cha Lufumbi walikuwa wamekaa na mablanketi yao, kuku na masufuria. Walipanda alfajiri, baada ya Asajile kuanguka. Mzee huyo alikuwa ameshuka kufungua ng'ombe wake kabla jua halijachomoza, wakati hewa ya bonde bado ni baridi na nzito, na hakurudi. Vijana wawili walibana pumzi, wakamfunga kamba, wakamburuta mpaka palipo na hewa. Sasa alikuwa kituo cha afya.

Aliyempokea Tusekile ni mwenyekiti wa kitongoji, Mama Lugano, dada wa tumbo moja wa Asajile.

"Ni gesi yenu," alisema, na haikuwa swali.

"Ni hewa ya ukaa, mama. Kama ni yetu, hilo ndilo naenda kupima."

"Kuna nyingine?"

"Ipo. Milima hii huitoa yenyewe tangu zamani. Unajua kuna mashimo ambako ndege huanguka."

"Mashimo hayo nayajua, yako ng'ambo ya mto. Hapa nimezaliwa, nimezalia, nimezika mume. Hajawahi kuanguka hata shomoro." Alimtazama Tusekile kuanzia viatu mpaka kofia yenye nembo ya Serikali. "Haya. Nenda kapime."

Kule juu ya mgongo wa mlima, mashine mia mbili na arobaini zilikuwa zikivuma kama kawaida yake. Watu waliziita mapafu. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa ghala la mahindi, na kazi yake ilikuwa kuvuta upepo na kuchuja ukaa uliomo. Kampuni ndiyo iliyoyajenga mapafu. Serikali ilitoa mlima, ikatoa na mvuke wa ardhini wa kuyaendesha, na muungano wao ukaitwa Ubia. Ukaa ukishachujwa uliyeyushwa kwenye maji, maji yakasukumwa mita mia nane chini, kwenye mwamba mweusi wa volkano, na huko ndani ya miaka miwili uligeuka kuwa jiwe jeupe. Ili gesi ya Ubia isichanganywe na ya mlima, kila tone lililoshuka kisimani lilitiwa alama, dawa ya maabara isiyopatikana popote kiasili. Gesi ikitoroka, alama ingeisuta, kama mwizi aliyekutwa na wino vidoleni.

Kituoni, Tusekile aliitia chupa kwenye mashine ya kupimia. Jibu lilichukua dakika nne.

Alama: sifuri.

Alipima tena. Sifuri. Kisha akafungua michoro ya shinikizo ya kisima namba tatu, kile kilicho jirani na Lufumbi, akaona mstari ukipanda polepole kwa miezi mitano. Hapo akaelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa. Maji ya Ubia yalikuwa yamejaza nyufa za mwamba, yakaisukuma gesi ya kale ya mlima wenyewe itoke mahali ambapo haikuwahi kutokea. Ni kama mtu mnene anayejibana kwenye benchi lililojaa. Anayeanguka upande wa pili si yeye, lakini nani asiyejua aliyemwangusha?

Tatizo ni kwamba Msajili hakujua.

Msajili alikuwa mashine yenye akili. Pampu zote na taarifa zote zilikuwa mikononi mwake, kwa sababu Serikali haikuiamini Kampuni na Kampuni haikuiamini Serikali. Hakuhongeka, hakutishika, hakuwa na mjomba wizarani. Na Tusekile mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika kanuni zake, miaka kumi iliyopita, kwenye warsha ya wiki nzima hotelini Morogoro. Alikumbuka vizuri mno maneno yake mwenyewe: chanzo cha gesi kiwe na majibu mawili tu, kwani mkiweka jibu la tatu kila mdanganyifu atajificha humo. Walimpigia makofi.

"Habari za asubuhi, Mtaalamu Tusekile," alisema Msajili kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Tukio namba mia nne na sita. Tafadhali taja chanzo: gesi ya mradi, au gesi ya asili."

"Gesi ya asili iliyosukumwa na mradi."

"Samahani, jibu hilo halimo. Gesi ya mradi, au gesi ya asili?"

"Simamisha pampu ya kisima namba tatu."

"Pampu husimama endapo chanzo ni gesi ya mradi. Sampuli yako haina alama. Je, ungependa nikusaidie kuchagua gesi ya asili?"

"Kuna mtu yuko kituo cha afya, hajitambui."

"Pole sana. Ukichagua gesi ya asili, taarifa itapelekwa Kamati ya Maafa ya Wilaya. Kikao kijacho ni baada ya siku sabini na moja. Umeridhika na huduma?"

Tusekile alivuta pumzi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye shinikizo la damu, na daktari alikuwa amemkataza kugombana kabla ya kifungua kinywa. Akachukua simu.

Katibu wa Kamati ya Pamoja ya Ubia, Bwana Lwitiko Mwandemele, alikuwa mjini, na msaidizi wake alisema yuko kikaoni. Kikao gani? Cha maandalizi ya Wiki ya Ubunifu, mama. Alipiga tena, akaambiwa kikao kimeingia chai. Alipiga mara ya tatu akiwa amesimama, mkono kiunoni, akasema kwamba akiambiwa habari ya chai ataongea na redio. Katibu akaja.

"Dada yangu, salama? Andika barua. Wewe uandike kwa upande wa Serikali, Mhandisi naye aandike kwa upande wa Kampuni, kisha tutazioanisha."

"Bwana Katibu, watu wako kilimani na mablanketi."

"Nakuelewa kabisa. Wakae hukohuko kwanza. Lakini tukisimamisha pampu nje ya utaratibu, kesho kila mwenye ng'ombe mgonjwa atataka zisimame. Si wewe uliyetufundisha hivyo?"

Simu ikakatika, au ilikatwa. Kilichomkera zaidi Tusekile ni kwamba katika upuuzi wote ule, sentensi ya mwisho ilikuwa kweli.

Alimkuta Mhandisi Khatibu Shaame kwenye chumba cha pampu. Khatibu alikuwa mtu wa Micheweni, Pemba, mwembamba, mpole, asiyevua sweta hata jua likiwa la utosi. Ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Kampuni kituoni. Kwa miaka sita wawili hao walikuwa wakitia saini karatasi zilezile, mmoja kushoto, mmoja kulia.

"Nimeiona michoro, Bi Tusekile," alisema kabla hajaulizwa. "Ni sisi. Gesi si yetu, lakini ni sisi."

"Punguza shinikizo basi."

"Na kwa mkono gani? Vali zote anazo Msajili. Mimi hapa nasafisha vichujio."

Tusekile alifunga mlango. Alikuwa amelipanga neno lake njiani, na bado lilimtoka kwa shida. "Nipe matone mawili ya alama."

Khatibu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. "Uyatie kwenye chupa."

"Niyatie kwenye chupa. Mashine itayasoma, pampu zitasimama, watu watarudi kwao. Sisi wawili tunajua ukweli ni upi. Nitakuwa nimeusaidia tu uonekane."

"Bi Tusekile." Alivaa tena miwani. "Kwetu bahari imekula makaburi. Babu yangu tuliiokota mifupa yake ufukweni, tukamzika mara ya pili. Ndiyo sababu unaniona nakaa kwenye baridi hii. Visima kama hivi viko dunia nzima, na watu wanaviamini kwa ajili ya ile alama, hakuna jengine. Sisi leo tukitia mkono kwenye chupa moja, kuna wenzetu mahali wanangojea ruhusa ya kutia mkono kwenye chupa elfu. Na wao hawatoonyesha gesi. Wataificha."

"Kwa hiyo Lufumbi wafe kwa ajili ya makaburi ya Micheweni."

Neno lilikuwa limekwisha toka. Khatibu aligeuka. Alifungua kabati, akatoa kichupa cha kahawia chenye kidondoshi, akakiweka mezani kati yao.

"Hicho hapo. Sikushiki mkono. Ila saini yangu usiitafute."

Tusekile alikifungua. Alivuta tone moja, akaliona likining'inia kwenye ncha ya kioo, halina rangi, kama maji ya kawaida. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na saba na hajawahi kubadili namba hata moja, si kwa sababu ya utakatifu, bali kwa sababu hakuwahi kuona namba inayostahili kosa hilo. Sasa aliiona.

Simu yake ikalia. Ni muuguzi wa kituo cha afya. Alizungumza taratibu, kama wanavyofundishwa. Mzee Asajile alikuwa amefariki dakika kumi zilizopita.

Tone lilianguka mezani. Hakuna aliyelipangusa. Kisha kikuku cha plastiki kwenye mkono wa Khatibu kilitoa mlio mwembamba na kusema: "Mfanyakazi, ni saa nne. Umekunywa maji?"

Tusekile aliinua kichwa taratibu. "Kinakuuliza kama umekunywa maji."

"Kila siku. Ni sheria ya wafanyakazi wa Kampuni. Kinapima mapigo, kinapima joto, kinapima na hewa ya mahali pa kazi..."

Hakumaliza. Walitazamana.

"Kikikuta hewa mbaya?" aliuliza Tusekile.

"Pampu zinasimama papo hapo. Hazirudi mpaka hewa ya mahali pale iwe chini ya nusu asilimia." Alikigeuza kikuku. "Hakiulizi ni gesi ya nani."

"Mimi sina kikuku."

"Wewe ni wa Serikali. Serikali haivai."

"Basi hamishia kituo chako cha kazi Lufumbi."

"Nje ya kituo changu cha kazi hakihesabu, na uhamisho unapita kwenye Kamati."

"Kibarua je?"

Khatibu alifikiri. "Kibarua tunatia saini mimi na wewe. Hapahapa."

Tusekile alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha. Miaka tisa Ubia ulikuwa juu ya vichwa vya watu wa Lufumbi, na haukuwahi kumwajiri hata mmoja wao kufyeka majani. Wangemwajiri mmoja tu, mwaka wowote ule, pampu zingesimama usiku uleule gesi ilipoanza kupanda. Asajile angekuwa anakamua ng'ombe.

"Lakini iwe kazi ya kweli," alisema Khatibu, akitafuta fomu. "Kama n'natia saini, iwe kazi ya kweli."

"Kupima hewa ya kitongoji, asubuhi na jioni. Hiyo tulitakiwa tuwe nayo tangu siku ya kwanza."

Walipofika uwanja wa shule, habari ya msiba ilikuwa imetangulia. Wanawake walikuwa wamemzunguka Mama Lugano, naye alikaa katikati yao, miguu imenyooshwa, halii. Tusekile alipiga magoti kwenye majani, fomu imekunjwa kiganjani pamoja na kikuku kipya, na hakuwahi maishani mwake kuona karatasi nzito kama ile.

"Mama, nimekuja na pole. Na nimekuja na jambo la aibu."

Alilieleza lote, bila kuficha sehemu yake, hata ile ya hotelini Morogoro. Mama Lugano alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu hajaoshwa," alisema, "na wewe unaniletea ajira. Kwa hao hao."

"Ndiyo, mama."

"Nikivaa hicho kiplastiki, pampu zinasimama."

"Zinasimama."

"Na mkono wangu huu bila plastiki? Wenyewe tu?"

Tusekile alitamani kusema jingine. "Haukutosha, mama."

Mama Lugano aliutazama mkono wake, kiganja kisha mgongo wa kiganja, kama anayekagua kitu alichoambiwa kina kasoro. Kisha akanyoosha kidole gumba kwa ajili ya wino. Aliomba tu shangazi yake abaki na waombolezaji, akavaa kikuku, akajifunga kitenge kiunoni, akashuka na Khatibu na Tusekile, wote watatu na barakoa. Hakusimama penye mizoga ya ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Asajile, akainama, akaushusha mkono wake kwenye hewa ya chini kama mtu anayechota maji kisimani.

Kikuku kiligeuka chekundu. "Mfanyakazi, ondoka mahali hapa. Mfanyakazi, ondoka mahali hapa."

Na kule juu mngurumo wa pampu ukakoma, ukabaki mvumo wa mapafu tu. Ulikuwa mngurumo wa miaka tisa, ambao masikio yalikwisha uzoea hadi hayausikii, na kukoma kwake kuliwashtua kuliko kelele. Mama Lugano alibaki ameinama kwa muda, mkono uleule chini, mpaka Khatibu alipomgusa bega.

Hazikupita dakika mbili, simu ya Tusekile ikalia. Ni Bwana Katibu mwenyewe, wala hakuwa kikaoni.

"Nani amesimamisha pampu?"

"Kibarua," alisema Tusekile, akakata.

Pampu zilisimama wiki tatu. Mapafu yaliendelea kuvuta, yakakosa pa kushushia, ukaa ukaachiwa urudi hewani, na kila siku Khatibu aliitazama hesabu ya tani zilizorudi. Kamati iliunda kamati ndogo. Asajile alizikwa. Kila asubuhi na jioni Mama Lugano alishuka na barakoa yake, akapima, akaweka kidole gumba kwenye kikuku, kwa kuwa bila dole la mfanyakazi usomaji haukuhesabiwa. Tisa. Saba. Nne. Moja na nusu.

Asubuhi moja alipanda mpaka kituoni badala ya kurudi uwanja wa shule. Akaketi, akaweka mkono mezani. Kikuku kilikuwa bado kinaonyesha kipimo cha bondeni: sifuri nukta nne.

"Nikiweka dole, zinawaka," alisema.

"Baada ya saa moja," alijibu Khatibu.

"Na nisipoweka?"

"Zitabaki zimesimama."

Alimgeukia Tusekile. "Wewe unasemaje?"

Tusekile hakuwa na uso wa kumshauri mtu kuhusu ukweli, yeye aliyekwisha shika kile kidondoshi. "Mama, ungekuwa ni mkono wangu, sijui."

Mama Lugano alitazama dirishani, kuelekea bondeni. Chai aliyowekewa ilipoa, ikafanya utando juu.

"Nikidanganya leo kwamba hewa ni mbaya," alisema hatimaye, "siku nikisema tena ni mbaya, mtaniuliza kama ni ile ya kweli au ile ya uongo. Sitaki niulizwe." Akabonyeza dole. "Ila watu wangu hawashuki. Watabaki huku juu. Mimi nitakuwa nashuka, kazi ni kazi."

Pampu zikawaka. Siku ya tisa alisoma asilimia tatu, zikazima. Zikapoa siku kumi na mbili, zikawaka tena, zikazima tena. Ilipotokea mara ya nne, si Serikali iliyochoka, ni Kampuni. Iliomba kwa maandishi kisima namba tatu kizibwe na kingine kichimbwe upande wa pili wa mlima, mbali na makazi. Habari za ng'ombe zilihitaji siku sabini na moja kusikilizwa wilayani; ombi hili Kamati ya Pamoja ililikubali kwa siku nne. Bwana Katibu akasambaza waraka ulioliita jambo hilo tunda la ubunifu wa pamoja baina ya sekta ya umma na binafsi. Wiki hiyohiyo Tusekile akapata barua ya uhamisho kwenda makao makuu, kuimarisha uratibu.

Siku ya kufunga sanduku aliingia chumba cha Msajili.

"Fungua tukio mia nne na sita."

"Tukio hilo linasubiri chanzo. Gesi ya mradi, au gesi ya asili?"

"Gesi ya mradi."

"Sampuli haina alama. Jibu la upande mmoja linalopingana na sampuli halipokelewi."

"Gesi ya mradi," alirudia, akijua ni sawa na kuusemesha ukuta.

"Na upande wa Kampuni unasema hivyo hivyo," ilisema sauti nyuma yake. Khatibu alikuwa amesimama mlangoni na sweta lake. Tusekile aligeuka, naye akainua mabega. "Chupa hatukuigusa. Wacha iseme lake, na sisi tuseme letu, mbele ya watu. Huo si uongo."

Msajili alichukua muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Pande zote mbili zinapingana na sampuli. Suala hili halina kanuni. Linapelekwa Kamati ya Pamoja, na pande zote mbili zitahitajika kutoa ushahidi zikiwa kwenye vituo vyao vya sasa. Taarifa haina jina la marehemu. Je, mnataka kuliweka?"

"Asajile Mwakibinga," alisema Tusekile. "Mfugaji. Wa Lufumbi."

"Limeandikwa. Kikao kijacho ni baada ya siku themanini na tisa. Mmeridhika na huduma?"

Tusekile alitoa barua ya uhamisho mkobani, akaisoma upya, akaomba kalamu. Katika miaka ishirini na saba ya utumishi alikuwa amelimbikiza likizo nyingi ambayo hakuna bosi aliyewahi kumpa nafasi ya kuichukua. Aliandika nyuma ya barua hiyohiyo kwamba anaomba siku tisini, kuanzia leo, na kwamba ataitumia likizo yake hapa hapa kituoni.

Kisha akaenda kufungua sanduku.